Kujifunza Kiitaliano nyumbani, Malindi: kilichonifaa na kisichonifaa

Nimejifundisha Kiitaliano nyumbani, bila mwalimu, na sasa naweza kumhudumia mgeni tangu anaposhuka kwenye gari hadi anapolipa bila kukimbilia Kiingereza. Naandika haya kwa Mswahili mwenzangu anayetaka kuanza. Karibu maelezo yote niliyosoma kuhusu kozi na programu za Kiitaliano yameandikwa na watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza, nao husifu kile kilichowatoa wao kwenye shida. Shida zetu si zile. Kwa hiyo hata kozi inayotufaa si lazima iwe ileile.

Hapa Malindi Kiitaliano si kigeni. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu, mwaka 1967, na mpaka leo nyumba zao, hoteli zao na mikahawa yao imetapakaa hadi Watamu. Vijana wa ufukweni wanakiongea kwa kukisikia tu, na wapo wanaokiongea vizuri sana. Mimi niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na nilitaka vitu ambavyo lugha ya ufukweni hainipi: kuandika barua pepe ya kuthibitisha chumba, na kuongea na mtu mzima kwa heshima yake.

Nilianza na programu ya simu ya aina ya mchezo, yenye pointi na kengele ya kukukumbusha kila jioni. Siitaji jina, kwa sababu nyingi za aina hiyo zinafanana. Ilinipa msamiati wa chakula, nguo, familia na siku za wiki, na kwa hilo ninaishukuru. Lakini ilinipotezea muda mwingi kwa kunirudisha mara kwa mara kwenye mambo ambayo mtoto wa Kiswahili anayo kabla hajaanza shule. Kwa mfano, kwamba sifa hupatana na nomino yake: libro nuovo, libri nuovi, casa nuova, case nuove. Mwingereza hilo humsumbua kweli. Sisi tuliokua na kitabu kipya, vitabu vipya, jembe jipya, majembe mapya, tunashangaa tu kwamba ngeli zenyewe ni mbili.

Vitenzi ni hivyohivyo. Parlo, parli, parla: nasema, unasema, anasema. Nafsi imo ndani ya kitenzi, tofauti ni kwamba wao wanaiweka mwisho na sisi mwanzo. Hata mtendwa wanamtanguliza kama sisi, lo vedo, namwona, na katika amri wanambandika kwenye kitenzi: dimmi, niambie. Ukikutana na somo refu linalokufafanulia jambo hili, liruke bila wasiwasi.

Sasa tuje kwenye panapouma, maana hapo ndipo programu ile ilipita haraka. Kwanza ni vile vijineno vinavyotangulia nomino: il, lo, la, i, gli, le. Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, na masikio yetu hayavingoji. Il libro, lakini lo zucchero na lo studente, kwa sababu neno limeanza na z, au na s inayofuatwa na konsonanti nyingine. Dawa niliyoiona ni moja: usiliandike neno jipya peke yake kamwe. Kwenye kadi zangu za Anki, programu ya kadi za kukumbushia ambayo kwenye kompyuta ni ya bure, kila nomino imeingia na kijineno chake, na upande wa pili nimeweka wingi wake.

Pili ni konsonanti mbili. Irabu za Kiitaliano hazitupi tabu, na maneno yao mengi huishia kwa irabu kama yetu, ndiyo maana Mswahili husifiwa matamshi tangu wiki ya kwanza. Sifa hizo zisikulaze. Sete ni kiu, sette ni saba. Casa ni nyumba, cassa ni pale mtu anapolipia. Mtu wa mapokezi anazihitaji zote nne kwa siku moja, na asipoikaza konsonanti mgeni hajui anaambiwa nini. Hapa hakuna kozi iliyonisaidia kama kujirekodi kwenye simu, kisha kusikiliza sauti yangu sambamba na ya msomaji wa habari. Matangazo ya redio ya Rai, shirika la utangazaji la Italia, yanapatikana bure kupitia RaiPlay Sound, na kwa kuwa ni sauti tupu, bando haliishi kama kwa video. Nachukua taarifa fupi ya habari, naisikiliza, naisimamisha, naisema kwa mwendo uleule. Mwanzoni maana haikuwa jambo la kuhangaikia. Nilikuwa natafuta mapigo ya lugha.

Kilichonifaa kuliko vyote ni Language Transfer, kozi ya sauti ya Mihalis Eleftheriou. Ni ya bure kabisa na inaendeshwa kwa michango. Unamsikia mwalimu akiwa na mwanafunzi mmoja. Anauliza, wewe unasimamisha sauti, unafikiri, unajibu kwa kinywa chako, halafu unaendelea. Hakuna kuandika, hakuna kukariri. Mafunzo yapo kwa Kiingereza, na kwa tuliosomea Kenya hilo likawa faida nisiyoitarajia: anakuonyesha jinsi maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa -tion yanavyogeuka -zione, na ghafla una informazione, situazione, conversazione na mengine mengi bila jasho. Mswahili aliyesoma Kiingereza anaingia Kiitaliano akiwa na maneno kutoka lugha moja na sarufi kutoka nyingine, na sijaona kozi yoyote iliyotengenezwa kwa kulijua hilo. Mipaka yake ni kwamba kozi hii ya Kiitaliano ni ya utangulizi, na haikufundishi kuandika.

Jambo ambalo kozi nyingi hulitaja kidogo tu, nami naliona kubwa, ni Lei, yaani "wewe" ya heshima. Ufukweni kila mtu huitwa tu, "wewe" ya kawaida: come stai (hujambo), vieni (njoo), guarda (tazama). Kijana kwa kijana haina neno. Lakini mzee aliyekuja na wajukuu zake anaambiwa come sta, kitenzi kikiwa cha nafsi ya tatu, kama vile hayupo mbele yako. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini. Jifunze Lei tangu siku ya kwanza, pamoja na buongiorno, signora. Nimeona nyuso zikibadilika.

Kwa wakati uliopita, shika haya: vitenzi vingi huenda na avere (kuwa na), lakini kwenda, kuja, kufika na kuondoka huenda na essere (kuwa), na hapo kitenzi kinapatana na mtenda. La signora è arrivata, bibi amefika; gli ospiti sono arrivati, wageni wamefika. Mimi ni mwanamke, basi nilienda ni sono andata. Nikitilia shaka neno lolote naliangalia kwenye kamusi ya Treccani, ambayo iko wazi mtandaoni, ingawa maelezo yake ni ya Kiitaliano kitupu na mwanzoni yatakulemea.

Kama unahitaji cheti, habari ni nyingine. Tangu 2018, anayeomba uraia wa Italia kwa ndoa anatakiwa kuonyesha kiwango cha B1, yaani cha kati, na pwani hii wanaohusika si wachache. Mitihani kama CILS ya Siena na CELI ya Perugia ina sehemu ya kuandika, na maandishi yanataka mtu wa kuyasahihisha. Hapo ningelipa mwalimu, au ningeulizia Istituto Italiano di Cultura, taasisi ya utamaduni wa Italia iliyoko Nairobi, kabla ya kununua programu yoyote.

Kwa sasa niko kwenye sentensi za masharti, na hapa Kiswahili ndicho kinachonivuta upande usio sahihi. Sisi tunasema ningekuwa na pesa ningenunua mashua, -nge- huku na -nge- huku. Wao wanataka maumbo mawili tofauti: se avessi i soldi, comprerei una barca. Ulimi wangu unataka kusema se avrei, na wapo Waitaliano wenyewe wanaosema hivyo. Nimeitengenezea kadi zake peke yake, upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Kiitaliano, Kiingereza nimekiacha nje.