Mashine ya moshi ya kutafuta uvujaji: ilichokiona na isichoweza kukiona

Gari langu lina turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani pamoja na valvu ya busti, yaani inayotoa nje hewa iliyosukumwa na turbo ninapoachia mafuta, na kwa muda mrefu lilikuwa halishiki sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta): mshale ulipanda na kushuka kati ya mizunguko 500 na 1,200 kwa dakika, na mara nyingi injini ilizima nilipoachia mafuta na kukanyaga klachi. Plagi nilikwisha kubadilisha na throtoli (mlango wa hewa ya injini) nilikwisha kusafisha. Ndipo nikanunua mashine ndogo ya moshi, ambayo huchemsha mafuta mepesi kwa umeme wa betri na kusukuma moshi wake kwenye njia ya hewa kwa shinikizo dogo sana.

Katika kazi yake halisi, mashine hii imenifaa. Nilifungua paipu baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia, nikaiziba kwa koni ya mpira, nikaiacha throtoli wazi kidogo ili moshi ufike kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), na baada ya dakika chache uzi mwembamba ukachomoza chini kabisa, kwenye mpira mdogo uliokauka na kupata ufa usiozidi upana wa ukucha. Mahali hapo nilikwisha kupulizia dawa ya kabureta mara mbili, nikitafuta uvujaji kwa kusikiliza kama injini itabadilika, bila kuona badiliko lolote, kwa sababu haikufika. Kabla ya hapo kompyuta ya injini ilikuwa ikiongeza petroli kwa asilimia 18 injini ikiwa sailensi na asilimia 4 tu kwenye mizunguko 2,500, jambo ambalo kwa kawaida huashiria hewa inayoingia bila kupimwa. Nilipobadilisha mpira, nyongeza hiyo ilishuka hadi asilimia 3 na mshale ukatulia.

Hata hivyo, gari liliendelea kuzima nilipokanyaga klachi, na moshi haukuonyesha chochote. Haikuwa kosa la mashine. Kila nilipoachia mafuta, sensa ilikuwa imekwisha kuihesabu hewa iliyosukumwa na turbo, kompyuta ikatoa petroli inayolingana nayo, kisha valvu ya busti ikaimwaga hewa hiyo nje, na injini ikabaki na petroli nyingi isiyo na hewa ya kuiunguza. Uvujaji wa aina hiyo hutokea valvu inapofunguka tu, nayo wakati wa kupima imefungwa na springi yake. Niliunganisha paipu ya kuirudisha hewa kati ya sensa na turbo, na tatizo likaisha, pamoja na ule mlio wa valvu ikitoa hewa ambao, nakiri, niliupenda.

Kasoro za mashine ni ndogo lakini zinakera: koni haikujaza paipu ya inchi 3 hadi nilipoizungushia mpira wa tairi, mpira wa moshi ni mfupi, na geji yake haisomeki bila tochi. Mwenye gari linalotetemeka kwenye sailensi ataifurahia. Ambaye gari lake huzima anapoachia mafuta tu aanze kwanza na valvu.