Rozari ya mama au katekisimu ya parokia?

Hapa Kadutu, Bukavu, mtoto hujifunza rozari, sala ya Wakatoliki ya kuhesabu kwa punje, kwa njia mbili. Kwa katekista kuna daftari na maswali, na matendo, yaani matukio ya Yesu na Maria yanayotafakariwa, ni 20, maana Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002. Kwa mama hakuna daftari. Sombe, majani ya muhogo, iko kwenye mbabula, jiko la makaa, punje zinapita vidoleni, mtoto anasinzia juu ya kitenge huku mdomo bado unaitikia. Mama yangu alirithi matendo 15 kwa bibi, na Alhamisi, siku ambayo sasa ni ya Mwanga, angali anasali yale ya Furaha; ukimsahihisha, anapandisha sauti! Katekista ana usahihi, sibishi. Ila binti yangu akishtuka usiku, anasali kwa lafudhi ya bibi yake, hata kikohozi anakiiga.