Peleti za sungura za kupimiwa kilo, Mtwara mjini: za kurudisha mwili, kwa masharti

Ukimpeleka sungura aliyekonda kwenye duka la pembejeo mjini hapa, ushauri huwa mmoja: chukua kilo mbili za peleti (chakula cha sungura kilichoshindiliwa kuwa punje), mwekee ale ashibe. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Peleti zikiwa mpya ni chakula kizuri cha kumrudishia mnyama mwili. Kinachoziharibu ni kiroba kukaa mdomo wazi kwenye kona ya duka, na yale maelekezo ya "ale ashibe".

Kwenye lebo, soma nyuzinyuzi kwanza, protini baadaye. Kwa sungura mkubwa anayetakiwa kuongezeka, nyuzinyuzi asilimia 16 hadi 18 au zaidi na protini asilimia 15 hadi 17 zinatosha. Nyuzinyuzi zikishuka sana, wanga unachachukia tumboni na mnyama anaharisha, na sungura aliyekonda akiharisha huisha haraka. Ukipimiwa kwenye mfuko wa nailoni huioni lebo wala tarehe. Unanunua kwa imani.

Halafu kuna hewa ya pwani. Tangu mvua zianze mwishoni mwa mwaka hadi zinapokatika kwenye Aprili au Mei, kiroba kilichofunguliwa hufyonza unyevu kila siku, na ukungu huanza katikati ya chakula kabla jicho halijauona. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, huumiza ini, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Dalili zake za mwanzo ni kususa chakula na kukonda, yaani ugonjwa uleule uliokupeleka dukani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, vunja punje moja kwa vidole: ivunjike kwa mlio, isibonyee. Inuse, itoe harufu ya majani makavu, siyo ya uchachu. Chota kutoka chini ya kiroba. Ukikuta unga mwingi kuliko punje, acha, maana sungura huchambua na kuubakiza, na vumbi lake humwasha puani.

Peleti zikiwa zimeisha, muuzaji atakuelekeza kwenye chakula cha kuku. Kataa kabisa. Nyuzinyuzi zake ni chache, na baadhi huchanganywa dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo. Mojawapo, narasin, ni sumu kwa sungura. Kwenye rafu ya dawa napo tahadhari: antibiotiki kama amoxicillin, ampicillin na lincomycin zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, na yeye hufuata siku chache baadaye. Ukiambiwa "mpe hii kidogo tu ya kuongeza hamu", rudisha chupa.

Kiasi. Sungura mzima mwenye afya hutosheka na gramu 25 za peleti kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 2 ni gramu 50. Kama amekonda, ongeza gramu 5 kila baada ya siku mbili mpaka ufike 75, ukikagua choo kila asubuhi. Kikilainika, rudi nyuma hatua moja na usubiri. Tumia mizani ya jikoni; kikombe hudanganya. Gawa mara mbili, alfajiri na baada ya magharibi, kwa sababu joto likipita nyuzi 28 hivi sungura hupunguza kula, na miezi ya kabla ya mvua kukolea mchana wetu hupita hapo. Banda la bati lisilo na kivuli linaweza kumkondesha sungura hata kama peleti ni za dhahabu.

Ila kinachojenga mwili wake ni majani, nayo madukani hayauzwi. Ukoka na mchunga viwepo mbele yake usiku na mchana, fungu lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Mlonge mpe konzi moja tu. Kisamvu kibichi kina sianidi, ambayo ni sumu. Majani ya mti wa lusina yana mimosini, sumu ya asili, akiyazoea kila siku manyoya hunyonyoka. Mvua zinapokatika, kata nyasi kabla hazijatoa mbegu, zianike kivulini ukizigeuza mpaka zikauke zikiwa bado za kijani: hiyo ndiyo hei ya kumvusha kiangazi. Karanga na korosho, hata kama zimejaa nyumbani, hazimfai. Mafuta ni mengi, na karanga huingiwa na sumukuvu kwa urahisi. Ukitaka kumwongezea mafuta kidogo, kijiko kimoja cha chai cha mbegu za alizeti zenye maganda kwa siku kinatosha.

Kuna sungura ambaye peleti hazitamsaidia hata ziwe bora vipi. Anayekimbilia chakula kisha anakitema, kidevu kimelowa mate, ana tatizo la meno. Meno yake hayaachi kukua na yakipishana hatafuni. Anayekula vizuri huku mgongo unachongoka na tumbo linavimba, hasa mdogo, mshuku koksidia au minyoo: peleka choo kibichi kwenye kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapahapa Mtwara, au mwone daktari wa mifugo kabla ya kununua chochote. Na aliyegoma kula kwa muda wa saa 12 na hapati choo ni wa dharura. Huyo usimsubirie mpaka kesho.

Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla hajala peleti. Kwa sungura wa kilo 2, ongezeko la gramu 20 hadi 40 kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, tatizo si kiasi cha chakula.

Je, ununue? Za kiroba kilichofungwa chenye tarehe inayosomeka, ndiyo. Za kupimiwa, chukua za wiki mbili tu, na siku kiroba kinapofunguliwa mbele yako. Hesabu yenyewe ina utata: kwa gramu 75 kwa siku sungura mmoja hula kilo mbili na robo kwa mwezi, kwa hiyo kiroba cha kilo 25 kingemchukua miezi 11, nacho kingeharibika mapema sana. Njia inayofanya kazi ni wafugaji watano kuchangia kiroba kimoja, kukifungua siku moja na kugawana kilo tano tano. Kila mmoja aweke zake kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kichanja, mbali na ukuta. Zimalizike ndani ya miezi miwili hivi. Zikibaki, zisirudi kwa sungura.