TAHADHARI: "Mtaalamu wa pampu" za 1HZ anayezunguka Masasi, Newala na Nachingwea. Anakuachia mkweche, anaondoka na pampu yako nzima

Wakuu, hasa wenye Land Cruiser za mkonga (bomba la hewa lililoinuka) za zamani, HZJ75 na HZJ79 za mwanzo zenye injini ya dizeli ya 1HZ, zile za minadani na zile za kubebea korosho. Kuna mtu anazunguka huku kusini na begi jeusi, anajiita mtaalamu wa pampu za dizeli. Ni mwizi wa pampu. Jina lipo kwenye RB ya polisi (taarifa tuliyofungua kituoni) na hapa siliandiki, kesi bado mbichi, halafu majina anayo mengi kuliko spana.

Gari yenyewe ni yetu, ile nyeupe. Ugonjwa wake ni huu: ikiwa tupu inakwenda vizuri, ikipakiwa na kuanza kupanda kwenda Newala inalegea. Gia ya tatu inashuka mbili, mbili inashuka moja. Haichemshi, haigongi, inakosa pumzi tu, na nyuma hakuna moshi. Shikeni hilo la moshi, nitalirudia.

Alifika saa moja kasoro asubuhi, injini ya baridi kabisa. Tukasema huyu ndiye fundi, si hawa wa saa nne. Hakuanza na bei. Aliinama, akasikiliza sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) kwa dakika nzima, akauliza mafuta yanajazwa wapi, akapapasa ile skrubu ya nyuma ya pampu kwa kidole gumba bila hata kuangalia. Kisha akafungua boksi la nozo mpya (vinyunyizio vya dizeli). Akachomoa moja, akaifunga kwenye kipimo cha mkono chenye saa, akapiga mkono taratibu mara tatu. Mshale ukapanda, ukafika 150, ukatetemeka, nozo ikalia krrr na kutoa ukungu mwembamba kama marashi. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa nozo, akatuonyesha: kikavu. Akafungua ya gari, silinda ya kwanza, akaifunga palepale. Ikakojoa. Mshale kwenye 110 na tone linaning'inia. Waliosimama pale ni mafundi wa miaka na wote waliguna "eeh".

Alipima moja. Katika sita. Tano zilizobaki hazikutoka kwenye nailoni mpaka zinafungwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo kusema "hebu na hizo". Hapo ndipo aibu ilipo, na mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize.

Kwa nini tulimwamini? Kwa sababu kila alichosema kuhusu 1HZ kilikuwa kweli, na hilo ndilo linalouma. Alitaja mpangilio wa kuwaka, 1-4-2-6-3-5, bila kufikiri. Alisema pampu hii hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo ukiijaza mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inajisaga. Kweli. Alisema ndani ina pampu ndogo ya mabawa inayovuta mafuta kutoka tangini na kujenga presha inayosogeza taimingi kadiri mzunguko unavyopanda, kwa hiyo presha hiyo ikikosekana injini inakuwa nzito juu. Kweli tupu. Kisha akaweka uongo mmoja katikati ya kweli tano: "Mabawa yamekwisha, pampu hii ni ya kubadilisha." Bei 1,300,000, lakini akiondoka na ya zamani "kama chakavu, ya kutoa vipuri" anapunguza 200,000. Nozo sita 300,000. Kufunga bure. Jumla 1,400,000, nusu mkononi, nusu kwenye simu, kwa namba ambayo leo haipatikani.

Kazi aliifanya kweli. Kutoa pampu ya 1HZ si mchezo, inaendeshwa na taimingi belti, lazima ufungue kava, ulinganishe alama, uvute puli kwa pula. Alimaliza kabla ya adhuhuri. Gari ikawaka, ikatoka mpaka barabara ya lami na kurudi, inavuta kama ya juzi. Tukampa na chakula.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana kimejulikana baadaye kipande kwa kipande.

Kwanza, wakati wa kufunga alibadilisha "na mpira huu mdogo, msijali, ni zawadi". Ni ule mpira wa mafuta unaoingia kwenye chujio la maji, chini ya boneti. Wa zamani aliutia mfukoni. Ugonjwa wote wa gari ulikuwa ule mpira! Umepasuka kwa ndani ya klipu, na kwa kuwa upande ule wa pampu ni wa kuvuta, hauvuji dizeli nje, unavuta hewa ndani. Huoni tone, huoni utelezi. Injini ikihitaji mafuta mengi, yaani mlimani na mzigo, inapewa povu, na presha ya ndani inashuka. Ndiyo maana moshi haukuwepo: injini inayonyimwa mafuta haitoi moshi mweusi. Alilijua hilo tangu dakika ya kwanza, kwa sababu alipofika alishika ule mpira kabla ya kushika kitu kingine chochote. Tulimwona. Tulidhani anashikilia asianguke.

Pili, pampu aliyoacha ni mfu aliyepakwa rangi. Siku ya tatu gari ilizimwa ikiwa ya moto, ikagoma kuwaka. Starta inazunguka vizuri, moshi hakuna, kimya. Ikapoa saa moja na nusu, ikawaka kama hakuna kilichotokea. Mwenye kujua pampu hizi za mzunguko anaujua wimbo huu: plunja (kile kipande kinachosukuma mafuta) na kichwa chake vimelika, dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi na kuvuja ndani kwa ndani, starta haina mwendo wa kutosha kujenga presha. Kipimo chake ni cha bure. Gari ikigoma ya moto, lowesha kitambaa maji, kifunge kwenye kichwa cha pampu dakika chache, jaribu tena. Ikiwaka, pampu imekwisha, usitafute mchawi. Na hapo ndipo ile saa moja kasoro asubuhi ilipotueleza maana yake: alitaka injini ya baridi, ili pampu mfu iweze kuwaka.

Tatu, nguvu ile ya barabarani ilitoka kwenye skrubu. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kipimo cha mafuta ya mzigo kamili, yenye nati ya kufungia. Robo ya mzunguko tu inabadilisha rangi ya moshi. Aliisukuma ndani, na kwa kuwa ukiisukuma sailensa nayo inapanda, akairudisha nyuma skrubu ya sailensa mpaka ikatulia. Ukiona skrubu ya sailensa imetoka nje karibu yote, ujue mwenzake ameingizwa ndani. Kwa 1HZ isiyo na tabo (turbo, ya kusukuma hewa ya ziada), hewa ni ileile, mafuta ya ziada hayana pa kuwakia, yanatoka moshi mweusi na kupandisha joto la ekzosi. Injini hii ina vyumba vidogo vya kuwakia ndani ya hedi, na hedi yake ikipewa joto la kupita kiasi hupata nyufa, hasa kati ya valvu. Mkipanda Newala na mzigo katika hali hiyo mnachemsha hedi ya mamilioni kwa ajili ya robo ya mzunguko. Sisi tuliirudisha mapema, bahati, si akili.

Na pampu ile mfu? Fundi mmoja wa Nachingwea alipoiona akacheka mpaka akakaa chini. Ina mkato wa tupa kwenye sikio la boliti, aliuweka mwenyewe mwaka jana alipoitoa kwenye gari nyingine kwa sababu haiwaki ikiwa ya moto. Iliuzwa chuma chakavu. Kwa hiyo biashara iko hivi: ananunua mizoga kwa bei ya kilo, anaisafisha, anaipaka rangi, anabadilishana na pampu nzima za watu wenye mpira uliopasuka, na hizo nzima ndizo anazouza kwa bei ya kweli. Umemlipa milioni ili akuibie.

Mtu kama huyu afungwe tu. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, si "kutoelewana kibiashara" kama alivyojitetea kwa ndugu yake. Na yale maboksi ya nozo yenye nembo ya kampuni kubwa ni kesi nyingine, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya bidhaa bandia, wapelekewe. Wengine wanasema akishikwa afungiwe kwenye HZJ aliyoitengeneza mwenyewe apandishwe Newala na gunia ishirini. Mimi siwapingi, ila mkimshika msimpige, mpelekeni kituoni akiwa mzima, tunamtaka aseme pampu ziko wapi.

Dalili? Zilikuwepo. Rangi ya skrubu ilikuwa mbichi, iliacha doa jekundu kwenye kidole. Namba ya nozo iliyochongwa kwenye chuma haikufanana na ya boksi. Hataki kurudi mchana. Hatoi risiti. Anataka cha zamani kuliko anavyotaka hela. Basi.

Wenye gari iliyopoteza nguvu na mfuko mwembamba, pampu ni kitu cha mwisho kabisa kugusa. Anzeni na dumu. Dumu safi la lita 5, dizeli iliyochujwa kwa kitambaa, lifungwe imara juu ya usawa wa pampu na mbali na ekzosi, mpira wa kuonyesha ndani unaotoshea bomba, uchomekwe pale mafuta yanapoingia kwenye filta. Toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Nenda nayo mlimani palepale inapolegea. Nguvu ikirudi, pampu yako haina kosa: tatizo liko nyuma, ama wavu wa tangini umejaa uchafu, ama mpira, ama oringi ya chujio la maji, ama tundu la hewa la mfuniko wa tangi limeziba (huo ukiufungua unasikia unavuta pumzi). Na huo mpira wa kuonyesha ndani uacheni siku mbili kati ya chujio na filta, mapovu mtayaona kwa macho.

Isiporudi, filta ya mafuta, kisha filta ya hewa. Vumbi la barabara ya Liwale linaingia hata kwenye mkonga, na ukiipuliza filta kwa kompresa kila wiki karatasi inatoboka, bora mpya. Kisha mtu mmoja akanyage pedali mpaka chini, mwingine aangalie kwenye pampu kama mkono unafika kwenye kikomo. Waya ukilegea unapoteza robo ya mafuta bila kujua, na hiyo ni kazi ya spana ya 10 na dakika mbili.

Baada ya hapo nafasi za valvu. Injini ikiwa ya baridi, ya kuingiza hewa 0.15 hadi 0.25, ya kutoa moshi 0.35 hadi 0.45, milimita. Kwenye injini zilizotembea sana nafasi huwa zinabana, valvu haikai vizuri ikiwa ya moto, kompresheni inatoroka. Hurekebishwa kwa shimu (visahani vya chuma vya unene tofauti), kwa hiyo pimeni zote 12, andikeni, hamisheni shimu kati ya valvu kabla ya kununua. Nozo zipimwe ZOTE sita mbele yenu, presha, ukungu, tone, na washa za shaba ziwe mpya. Kompresheni ipimwe plagi za kupasha zote zikiwa nje na waya wa solenoidi ya mafuta ukiwa umechomolewa, betri imejaa. Injini nzima hucheza karibu na kilo 37 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda isizidi kilo 5. Ikiwa silinda mbili jirani ziko chini pamoja, ni gasketi ya hedi. Zote zikiwa chini sawasawa, ringi zimechoka, na hapo pampu ya dhahabu haitasaidia.

Na mjue mnachotafuta. 1HZ mpya, lita 4.2, ilitoka na nguvu za farasi kama 130 tu. Anayekuahidi itapanda kama Prado ya tabo, mwambie aanze kupanda yeye.

Pampu yetu haijapatikana. Ina vidoti vitatu vya sentapanchi (chuma cha kugongea alama) vilivyopangwa pembetatu, upande wa ndani wa bano la nyuma, huvioni mpaka uweke kioo kidogo na tochi. Mtu yeyote wa Lindi, Ruangwa, Masasi au Tandahimba aliyebadilishiwa pampu ya 1HZ tangu msimu wa korosho uanze, chungulieni. Ukiviona hatukudai kitu, ulinunua kwa hela yako. Tunataka tu kujua ulimlipa lini na kwa namba gani.