Likizo ya kuzamia Karibi: visiwa vya kulipia kwanza na vya kuacha kwa baadaye

Ukiwa umepata cheti chako cha kuzamia Nungwi, Mafia au Diani, una haki ya kuuliza Karibi kuna nini cha kukufanya uvuke bahari nyingine. Kwa aina za samaki na matumbawe, bahari yetu inaishinda Karibi kwa mbali. Matumbawe magumu ya kule hayafiki hata aina 80, wakati upande wetu wa Bahari ya Hindi zimehesabiwa zaidi ya 300. Anayekuahidi kwamba utaona wingi kuliko Mnemba au Chole anakuuzia tiketi.

Kinacholipiwa Karibi ni maji maangavu ambayo siku nzuri hukuruhusu kuona mita 30 mbele yako, kuta za miamba zinazoanza karibu na ufuo na kuporomoka hadi gizani, na sifongo wenye umbo la pipa ambao baadhi yao mtu mzima angeenea ndani. Pia kuna kisiwa kimoja ambako unazamia kwa saa yako mwenyewe, bila kusubiri boti wala nahodha. Kwangu hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa sababu mpangilio wangu unafuata kipimo kimoja: muda unaoupata chini ya maji kwa kila dola unayotoa. Matangazo ya likizo hizi hukuonyesha kitanda na bwawa la kuogelea. Wewe uliza idadi ya mitungi ya hewa, maana mtungi mmoja ni mzamio mmoja.

1. Bonaire

Bonaire ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Venezuela, manispaa maalumu ya Uholanzi tangu Oktoba 2010, na fedha yake ni dola ya Marekani. Bahari inayokizunguka imekuwa hifadhi tangu 1979. Kwa anayetoka Nairobi, Dar, Kigali au Entebbe, njia rahisi kuipanga ni ya kupitia Amsterdam, ambako kuna ndege ya kwenda moja kwa moja hadi kisiwani. Kwa ndugu walioko Uholanzi, Ubelgiji au Ujerumani ni jambo la safari moja tu ya ndege.

Huko mtu hukodi pikapu pamoja na chumba. Asubuhi unapakia mitungi, unafuata barabara ya pwani ya magharibi, unatazama mawe yaliyopakwa rangi ya manjano na kuandikwa majina ya sehemu za kuzamia. Ukiliona unalolitaka unaegesha, unavaa vifaa nyuma ya gari, unakagua hewa na mwenzako, mnashuka. Mkitoka mnakula mkate na tunda, mnasogea hadi jiwe jingine. Vifurushi vingi vya wiki huwa na mitungi isiyo na kikomo, na mara nyingi naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, haina bei ya ziada kwa mwenye cheti chake. Mtu mwenye afya anaweza kuzamia mara tatu kwa siku bila kukimbizana na ratiba ya mtu. Hakuna kisiwa kingine ninachokijua Karibi kinachokupa hayo kwa bei hiyo.

Sasa sikiliza habari ya ufuo, maana hapo ndipo wageni wengi huumia. Usitarajie mchanga wa Paje. Unakanyaga vipande vya matumbawe makavu vinavyobiringika chini ya mguu, na ukiwa na mtungi mgongoni na vipande vya risasi vya kukuzamisha kiunoni, wimbi dogo la magotini linatosha kukulaza. Nunua viatu vya kuzamia vyenye soli ngumu kabla ya kusafiri, pamoja na mapezi ya kufunga kisiginoni yanayovaliwa juu ya viatu hivyo. Shika mkono wa mwenzako, ingia hadi maji ya kifuani, jaza hewa jaketi ya kuelea, ndipo uvae mapezi. Ukishavuka ukanda wa mchanga, ukingo wa mwamba unakuwa mita 8 hadi 12 chini yako na kushuka kuanzia hapo. Anza kwa kwenda kinyume cha mkondo. Nusu ya hewa ikiisha, geuka urudishwe nao.

Usiache kitu garini, hata taulo nzuri. Wizi kwenye magari yaliyoegeshwa ufukweni unajulikana, na wenyeji wenyewe hukushauri uache vioo vimeshushwa ili asiwepo wa kuvivunja. Glovu haziruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa sababu aliyevaa glovu hushikashika. Kabla ya kuachiwa mwende peke yenu, mtafanyiwa mazoezi ya utambulisho kwenye duka la kuzamia. Ingiza kwenye bajeti ushuru wa kuingia kisiwani, dola 75, na ada ya hifadhi, dola 40 kwa mwaka.

Cha kuona ni kingi, ila viwili usiviache. Hilma Hooker ni meli ya mizigo iliyokamatwa na shehena ya bangi na kuzama Septemba 1984; imelala ubavu kwenye mchanga, kama mita 30 chini, kwa hiyo inataka cheti cha daraja la pili. Kingine ni gati ya chumvi, ambayo nguzo zake zimevikwa sifongo wa rangi ya machungwa na manjano, na kasa hupita katikati. Ruhusa hutegemea kama kuna meli inapakia.

Kusini zaidi ya gati, kando ya barabara ileile, utaona vibanda vidogo vya mawe vyenye milango ya kuingilia kwa kuinama. Vilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya chumvi, na utumwa katika visiwa hivi vya Uholanzi haukufutwa hadi Julai 1, 1863. Sehemu za kuzamia zilizo mbele yao zina majina yanayotaja watumwa. Simama hapo kabla ya kuvaa vifaa. Anayejua Bagamoyo na Mkunazini atajua anachokitazama.

Upungufu wake: chakula ni ghali kwa kuwa karibu vyote huletwa na meli, na nchi kavu hakuna mengi ya kumfurahisha asiyezamia. Lililo baya zaidi ni ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014 na kufika Bonaire 2023. Baadhi ya matumbawe makubwa yamebaki mifupa meupe. Osha na utie dawa vifaa vyako wanavyokuelekeza, maana tunaweza kuubeba.

2. Cozumel, Mexico

Ukipenda kubebwa na maji, hapa ndipo. Mkondo hupita kandokando ya kisiwa, mara nyingi kuelekea kaskazini, na boti hukufuata juu huku wewe ukipeperuka mbele ya kuta za Palancar au Santa Rosa bila kupiga pezi. Ukipanda, unatuma boya lako juu kwanza ili nahodha akuone. Kwa hiyo beba boya lako na ujifunze kulifungua bila kuvutwa nalo. Mtoto wa jana katika kuzamia aombe kiongozi mwenye kundi dogo, maana mkondo wa hapa hausubiri mtu anayehangaika na masikio.

Bei ni nzuri kwa wanaotoka Marekani na Kanada: ndege za Cancún ni nyingi, halafu basi na kivuko kutoka Playa del Carmen. Mitungi miwili kwa boti kwa kawaida ni dola mia na kitu. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya aliye na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen haombi viza nyingine ya Mexico, na hilo peke yake limewaokolea watu wengi wiki za foleni.

3. Visiwa vya Honduras: Utila na Roatán

Kama bado huna cheti, namba 1 yako ni Utila. Ni mahali ambapo vijana wa dunia nzima huenda kusomea kuzamia kwa sababu kozi ya kwanza ni miongoni mwa za bei nafuu zaidi Karibi, mara nyingi pamoja na kitanda cha kulala. Lakini kozi ya bei ya chini isikununue kabla hujauliza wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja. Wanne wanatosha. Papa potwe pia hupita maji ya kaskazini ya Utila, ingawa mwenye uwezo wa kufika Kilindoni kati ya Novemba na Februari asisafiri mbali hivi kwa ajili yake.

Roatán inafaa familia ambayo wengine hawazamii. Ina fukwe za mchanga za kweli, na ina Punta Gorda, kijiji cha Wagarifuna, watu wa damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi waliofukuzwa na Waingereza kutoka St. Vincent na kushushwa hapo mwaka 1797. Chukua dawa ya vijidudu vya mchangani, vinauma kuliko mbu.

4. Visiwa vya Cayman

Huduma safi, boti nzuri, vifaa vilivyotunzwa, na ukuta wa Bloody Bay kwenye Little Cayman ambao naamini ndio mzuri kuliko kuta zote za bahari hiyo. Kittiwake, meli ya jeshi la majini la Marekani iliyozamishwa makusudi Januari 2011, inaingilika hata kwa asiye mzoefu sana akiwa na kiongozi. Cayman imeshuka hadi namba 4 kwa sababu ya fedha tu. Dola ya Cayman moja ni dola ya Marekani 1.20, kwa hiyo soma menyu ukilijua hilo.

5. Belize

Watu huenda kwa ajili ya picha ya Shimo la Bluu: duara la mita 300 na kina cha zaidi ya mita 120. Picha hiyo imepigwa angani. Ukizamia unasafiri kwa boti saa kadhaa, unashuka haraka hadi mita 40 kutazama miamba inayoning'inia ya pango la kale, unakaa dakika chache, unapanda. Viumbe ni wachache. Kwa kina hicho, mwenye cheti cha mita 18 hana kazi huko, hata kama kuna atakayempokea fedha. Miamba ya Lighthouse iliyo jirani ndiyo yenye thamani.

Kokote utakapokwenda, utamkuta samaki wa mistari mekundu na meupe mwenye miiba ya sumu, ambaye kwetu ni mwenyeji halali. Kule ni mvamizi. Alionekana Florida mwaka 1985, na kwa kukosa adui amepunguza sana samaki wadogo wa miamba. Usishangae kuona viongozi wakimchoma mkuki, ndani ya hifadhi kabisa. Wamepewa idhini, na jioni huliwa.

Kuhusu majira, vimbunga ni Juni hadi Novemba, vikali zaidi Agosti hadi Oktoba. Bonaire iko kusini mwa njia yao na ni nadra kupigwa, hivyo miezi ya bei ya chini ndiyo ya kuinunua. Kwingine nunua Machi hadi Mei.

Kabla ya kulipa, soma bima yako. Bima nyingi za safari hukomea kwenye kina fulani au huacha kabisa matibabu ya chumba cha shinikizo, anakowekwa mzamiaji aliyedhurika kwa kupanda haraka, ambayo bili yake hupita gharama ya likizo nzima. Chukua bima ya wazamiaji. Kupita Marekani hata kwa saa mbili kunahitaji viza ya huko. Nchi kadhaa huomba kadi ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Congo. Na ukizamia siku kadhaa mfululizo, kati ya mtungi wa mwisho na ndege ziwepo saa 18 au zaidi, kwa hiyo chagua ndege ya kurudi ya jioni.