Eti "labda wateja hawakupigi": uzoefu wangu na huduma ya kuelekeza simu

Mimi na mume wangu kazi yetu ni kuhamisha watu. Tuna kanta moja, lori dogo la mizigo, na vijana wa kubeba. Ofisi tuliyokuwa nayo Luthuli Avenue tuliifunga kodi ilipozidi mapato, na sasa ofisi ni meza yangu hapa nyumbani Umoja. Kilichobaki kututatiza ni nambari. Ile ya 020, nambari ya mezani ya Nairobi, imeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa kanta, iko kwenye risiti, na makeateka, yaani wasimamizi wa ploti, wa Eastlands wanayo. Kwa hiyo mapema mwaka huu tulilipia kampuni moja ya hapa mjini iishike nambari hiyo na kuelekeza kila simu kwenye laini yangu ya mkononi. Jina lao silitaji. Nataka kueleza Jumamosi moja tu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Anayekaa Nairobi anajua maana yake: nyumba iachwe wazi kabla ya tarehe moja, mwenye nyumba anadai funguo, kila kanta ina kazi. Mama mmoja wa Tassia alikuwa ametutumia arubuni kwa M-Pesa siku kadhaa nyuma. Asubuhi hiyo ameteremsha vyombo hadi getini, kitanda, friji, magodoro, na mvua inanukia. Barabara ya kwao ilikuwa imechimbwa, akataka kumwambia dereva apitie wapi. Akapiga. Akapiga tena. Simu yangu iko mezani, ina chaji, mtandao una nguvu, na haikulia hata mara moja.

Dereva naye amekwama upande wa pili wa huo mtaro, ananiuliza mteja yuko wapi. Nampigia mteja, kila mara laini yake iko bize, kwa sababu yeye naye ananipigia mimi. Nilipompata hatimaye, hakunisalimu. Alisema, "Dada, mmekula pesa yangu na mmezima simu."

Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Katika mji huu mtu akishapokea arubuni kisha asipatikane, hakuna anayesema mtandao ni mbovu. Anaitwa tapeli, na kufikia jioni jina lake limezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ploti nzima. Yule mama hakunikosea. Mimi pia ningesema hivyo hivyo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea kijana mwenye sauti tulivu, nikamweleza yote. Akajibu, "Madam, kwetu hapa mfumo uko sawa. Labda wateja hawakupigi tu." Mwisho wa mwezi! Nikachukua simu ya dada yangu, nikapiga nambari yetu huku kijana yuko hewani, nikaweka sauti juu asikie. Ikaita kidogo, kisha mwanamke wa kurekodiwa akasema acha ujumbe. Kijana akasema, "Si umesikia, madam, inapokelewa."

Inapokelewa na nani? Hatukuomba sanduku la sauti, hatukuambiwa lipo. Nililizungusha suala hilo kwao siku nzima hadi fundi wao mmoja, mtu muungwana kweli, akanieleza kwa dakika chache. Walikuwa wamebadilisha mipangilio, na muda wa kusubiri ukawa mfupi mno. Kumbe sekunde zinaanza kuhesabiwa mtambo unapoanza kutafuta laini ya mkononi, hazingoji simu ianze kulia. Mtandao ukichelewa kidogo kuunganisha, muda umeisha, mteja ametupwa sandukuni, na wewe huna habari. Akaurefusha muda, akazima sanduku, simu zikaanza kuingia papo hapo.

Ndani ya sanduku kulikuwa na watu wengi. Wanataja ploti, nambari ya mlango, siku watakayokuwa hawapo nyumbani. Sauti za wateja wangu zimelala kwenye mtambo wa watu wengine bila mimi kujua! Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na nilipouliza nani anazisikiliza na zinafutwa lini, niliambiwa nitume barua pepe. Nilituma.

Nilipoanza kuandika haya nilitaka kusema msiwape hata shilingi. Lakini nitakuwa nimewanyima haki yao. Tangu fundi yule aguse mipangilio, huduma inafanya kazi vizuri. Simu moja inalia kwangu na kwa dada yangu kwa pamoja, anayewahi anapokea. Nambari ya mteja naiona yenyewe, ilhali huduma tuliyojaribu kabla ya hii ilionyesha nambari ya kampuni kila mara, usijue umrudie nani. Stima ikipotea sipotezi simu, kwa kuwa haitegemei waifai ya nyumbani. Kwa anayefanyia kazi nyumbani, hayo si mambo madogo.

Kama biashara yako inatumia nambari ya kawaida ya mkononi, hata hivyo, huenda huhitaji kampuni yoyote. Daivati, yaani kuelekeza simu kwenye nambari nyingine, iko ndani ya simu yako. Bonyeza **61*, nambari ya pili, kisha #, na simu usiyoipokea itaenda huko. **62* ni ya wakati umezima au huna mtandao, **67* ni ya laini ikiwa bize. Ukitaka kuamua sekunde kwenye ile ya **61*, unaongeza kwa mfano **20 kabla ya #, kuanzia 5 hadi 30 kwa hatua za tano tano. ##002# inafuta zote. Kumbuka tu kwamba kile kipande kutoka laini yako kwenda ya pili unakilipia wewe, si anayekupigia. Na mtu usiyemjua akikwambia ubonyeze **21* na nambari fulani, kata simu: anataka simu zako zote ziende kwake.

Sisi hatuwezi kutumia njia hiyo kwa sababu ya ile 020. Nambari ya mkononi unaweza kuhama nayo mtandao tangu 2011, lakini hii niliambiwa nikiondoka naiacha. Hilo mtu aliulize kabla ya kulipa, na aulize pia kama kuna sanduku la sauti, liko wazi au limezimwa, na muda wa kusubiri ni sekunde ngapi.

Sasa nikikumbuka tena lile "labda wateja hawakupigi", damu inachemka upya, na hizo sifa nilizotoa hapo juu natamani kuzifuta. Mtambo kukosea nakubali. Siwezi kukubali kuambiwa sina wateja na mtu ambaye hakufungua hata ukurasa wa akaunti yangu kuangalia. Nyota tatu ni za fundi peke yake. Arubuni ya Tassia niliirudisha yote kutoka mfukoni mwetu, na kampuni haijanirudishia kitu wala haijaniomba radhi. Mwezi huu nalipa. Wasipojibu ile barua pepe, wa pili silipi, na kanta itapakwa rangi upya na nambari nyingine.