Mustang 5.0 ya Zamani: Hela Yako Ianze Kwenye Nini?

Habari zenu, watazamaji wangu, karibuni tena gereji. Leo sina gari jipya. Hili la nyuma yangu mnalijua: Mustang GT ya 1990, lile umbo la boksi ambalo Wamarekani wanaliita Fox body, V8 ya lita 5.0, gia za mkono. Hapa Houston bado yapo mengi, na vijana wetu wa Kiswahili wameanza kuyanunua kwa fujo.

Na swali mnaloniletea kila wiki ni moja. Kaka, nina hela kiasi fulani, nifunge nini gari likimbie? Nikiuliza umeshafunga nini, jibu ni ekzosti. Jamani! Kila mtu anaanza na ekzosti. Gari linanguruma kama limemeza simba, halafu taa ikiwaka kijani Camry ya V6 ya juzi juzi inakuacha, na ndani yake mama anarudi na watoto kutoka shule.

Tuanze na gari lilivyotoka kiwandani. Kuanzia 1987 hadi 1992 Ford waliiandikia injini hii nguvu za farasi 225 na msokoto wa Nm 407. Msokoto ndio ule unaokubandika mgongo kwenye siti. Mwaka 1993 wakaishusha kwenye karatasi hadi 205. Sasa sikia hapa, maana ndipo siri ilipo: msokoto unafika kileleni kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika, na farasi wanaishia kwenye 4,200. Yaani chini ina nguvu za kutosha, juu haina pumzi. Ukiivuta mpaka 5,000 unapata kelele tu. Lita tano nzima inapumulia mrija wa soda.

Kwa hiyo tunatafuta pumzi. Lakini kitu cha kwanza ninachokupendekezea hakiko hata kwenye injini. Ni difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Mustang nyingi za gia za mkono zilitoka na difu ya 2.73, yaani shafti inazunguka mara 2.73 gurudumu lizunguke mara moja, ili zibane mafuta kwenye barabara kuu. Toa hiyo, weka 3.73. Piga hesabu mwenyewe: 3.73 gawanya kwa 2.73, msokoto unaofika kwenye magurudumu umepanda karibu asilimia 37 katika kila gia, na hujagusa nati hata moja ya injini. Seti ya gia zenyewe ni dola mia mbili na ushee, bila kuhesabu ufundi. Hakuna kitu kingine kwenye meza hii kinachokupa hivyo kwa bei hiyo.

Hasara zipo. Ukiwa gia ya tano kwenye kilomita 110 kwa saa, injini inatoka mizunguko kama 1,650 na kupanda karibu 2,300, kwa hiyo kituo cha mafuta mtazoeana zaidi. Spidomita nayo itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko unaokwenda mpaka ubadilishe ile gia yake ndogo kwenye gia boksi. Na tafadhali, mpe kazi fundi anayejua kuseti difu. Ikisetiwa vibaya inalia kama mbu sikioni, kutoka hapa mpaka Dallas.

Kuna na la bure. Ni taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche. Karibu na distribyuta kuna kiunganishi kidogo kinaitwa SPOUT, ndicho kinachoruhusu kompyuta kuibadilisha. Kichomoe, piga taa ya taimingi, toa kwenye digrii 10 za kiwandani peleka 12, ikikubali 14, kisha kirudishe mahali pake. Weka petroli ya oktani 91 au 93. Ukisikia kokoto zinagongana ndani ya kopo wakati unakanyaga, rudisha nyuma siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Haya, sasa aibu yangu. Nilipolinunua gari hili, kitu changu cha kwanza kilikuwa kamshafti kubwa, ule mhimili unaofungua valvu. Nilipenda ule mdundo kwenye silensa, injini ikiwaka bila kukanyagwa, ile du-du-du, gari linatikisika kama lina hasira. Nikafunga wikiendi nzima, hedi, yaani vichwa vya injini, nikaacha zile zile za kiwandani. Mdundo niliupata. Mwendo nikaupoteza! Chini limekuwa zito, juu linapanda kidogo tu halafu linachoka. Kamshafti kazi yake ni kufungua mlango zaidi na kuuacha wazi kwa muda mrefu. Kama korido nyuma ya mlango ni nyembamba, watu wanabanana pale pale. Nililipa kufunga, baadaye nikalipa kufungua.

Korido yenyewe ni hedi, na hapa nitakaa kidogo.

Hedi za kiwandani za miaka hii zinaitwa E7TE. Valvu ya kuingiza ni milimita 45, ya kutolea ni 37. Mtu wa bajeti ndogo anakwenda yadi ya magari mabovu kutafuta Ford Explorer yenye V8 ya 5.0. Za 1996 na mwanzo wa 1997 zina hedi za GT40, valvu ya kuingiza karibu 47 na ya kutolea 39. Zilizofuata zina GT40P. Kuzitofautisha ni rahisi: angalia pembeni kwenye ncha ya hedi, utaona mistari iliyosimama. Mitatu ni GT40, minne ni P. Hizi P kwa kweli zinapumua vizuri, tena chemba yake ni ndogo kidogo kwa hiyo inabana zaidi, ila plagi zimekaa kwa pembe tofauti na hedazi nyingi za Mustang, yale mabomba ya ekzosti yanayotoka kwenye hedi, zinagusana na kofia za plagi. Utaunguza waya mpaka uchoke. Zote mbili springi za valvu ni laini, ukitaka kamshafti ya maana nunua springi mpya kabla hujafunga.

Mwenye uwezo aende kwenye alumini. Kuna za kampuni ya AFR, hiyo 165 yenye valvu ya kuingiza ya milimita 48, au za Trick Flow, Twisted Wedge 170 yenye ya 51. Pea inapita dola 1,500, ndiyo, inauma. Na ile namba 165 au 170 ni ujazo wa njia ya hewa kwa sentimita za ujazo, si farasi, msidanganyane. Kuna jamaa anaona 205 anasema kubwa ndiyo nzuri. Kwa injini hii ya mtaani siyo. Njia ikiwa pana mno, hewa inakwenda polepole kwenye mizunguko ya chini, na huko chini ndiko unakoendesha kila siku. Kabla hujafunga moja kwa moja, weka udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono, ukate uone umebaki unene gani. Hiyo ndiyo nafasi kati ya valvu na pistoni. Dakika arobaini zako zinaokoa injini nzima.

Hedi zikishakaa, ndipo kamshafti ya wastani iingie, na manifoldi ya kuingiza hewa ibadilishwe, maana ile ya kiwandani nayo inaziba kuanzia 5,000. Ya Explorer inatosha kabisa na bei yake ni rahisi. Hivi vitatu ni familia moja, ukichukua kimoja vingine vinanuna. Gari langu kwenye dino, mashine ya kupima nguvu, lilianza na 190 na kidogo magurudumuni. Leo ni 280 na ushee, na linaamka pale pale lilipokuwa linalala.

Angalizo kwa wenye gari la 1987 au 1988: mengi ya miaka hiyo kompyuta yake inakisia hewa kwa kusoma presha ya manifoldi, na kamshafti kubwa inaichanganya kabisa. Ya California ya 1988, na yote kuanzia 1989, yana kipimo cha hewa yenyewe. Bila kubadilisha mfumo huo, usinunue kamshafti. Na mlioko California, gari la 1976 kuja juu linapimwa moshi, kwa hiyo hakikisheni kifaa kina namba ya kibali cha jimbo.

Filta ya hewa ya kung'aa? Nzuri kwa picha. Nasonga mbele.

Supachaja, pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Najua mnaisubiri. Seti ya kampuni ya Vortech ni maelfu ya dola, na ukweli ni kwamba inapiga kila kitu nilichosema leo, tena kwa mkupuo mmoja. Kama gari ni zima, unafunga Jumamosi na Jumapili unacheka. Lakini pampu ya mafuta ya kiwandani, ile ya lita 88 kwa saa, itakufa njaa. Weka ya 255. Nozeli za mafuta ziwekwe kubwa zaidi. Mchanganyiko ukikauka, yaani mafuta yakiwa machache kuliko hewa inavyotaka, gasketi ya hedi inaondoka, na ukibahatika ni gasketi tu. Na bloku hii ina tabia yake: ukikaribia farasi 500 inaweza kupasuka katikati, kwa urefu, bila kukuomba ruhusa. Mimi kwa gari lenye kilomita nyingi singeanza nayo. Kwanza pima kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa, silinda zote nane. Moja ikiwa imelegea, hela ya supachaja ni hela ya ovahoo.

Breki? Za mbele ni diski ndogo, nyuma ni ngoma. Nawaachia mfikirie wenyewe.

Mlioko nyumbani na Toyota Mark II zenu za injini ya 1JZ, msinitukane, yenu naifanyia video yake. Hapa pembeni kuna Mustang nyingine ya jamaa yetu, 2.73 yake tunaitoa sasa hivi, na nasikia fundi ananiita, oili ya difu imeshaanza kumwagika sakafuni. Kamera nawaachia ikiwaka.